Damu Hii Inakwenda Wapi

Mwanamke wa Kanda ya Ziwa akiambiwa damu yake imepungua, hakuna anayeshtuka. Jirani atamshauri achemshe rozela. Wifi atamletea tembele na mnafu, na kukiwa na fedha, maini ya ng'ombe. Zahanati itampa vidonge vya kuongeza damu vya mwezi mmoja, vile vinavyogeuza choo kuwa cheusi, naye atarudi shambani au kwenye vichanja vya dagaa akiamini kwamba amekwisha kutibiwa. Tumeishi na upungufu wa damu kwa muda mrefu mno, hata tunauona kuwa ugonjwa unaojitosheleza, usiohitaji kuulizwa umetoka wapi.

Sababu za kutoshtuka zipo, na ni za kweli. Malaria haijahama kando ya ziwa. Safura hunyonya damu ya wanaolima peku. Wavuvi na wachota maji wa Ukerewe, Kome na Maisome wanaishi na kichocho cha tumbo. Wakulima wa mpunga wa Misungwi na Maswa wanaishi na kile cha kibofu. Watafiti walipopima damu za watoto wachanga wa mikoa ya kaskazini-magharibi katika maabara ya hospitali ya Bugando, na matokeo kuchapishwa mwaka 2018, ilionekana kwamba karibu mtoto 1 kati ya 5 amerithi kinasaba cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, na zaidi kidogo ya 1 kati ya 100 ana ugonjwa wenyewe. Ongeza mimba zinazofuatana, ongeza hedhi nzito ambazo mwenyewe huzihesabu kuwa maumbile yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Karibu nusu. Jambo linalompata karibu kila mwanamke wa pili huacha kuonekana kama dalili. Linaonekana kuwa ndiyo hali ya kuwa mwanamke.

Saratani za uzazi hukaa humo, katikati ya sababu hizo zote, bila kuulizwa. Ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwetu. Zipo pia za nyumba ya uzazi, za mfuko wa mayai, za uke, na ile inayozaliwa na mimba zabibu, ambayo huwapata hata wasichana. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yanasema zaidi ya wanawake 10,000 wa Tanzania hupata saratani ya mlango wa kizazi kila mwaka, na zaidi ya 6,000 hufa kwa ugonjwa huo. Mwanamke anayeishi na VVU anakabiliwa na hatari mara 6 ya mwenzake asiye na virusi. Wengi hufika hospitali ugonjwa umekwisha kutambaa hadi kwenye kuta za nyonga. Na ukiwasikiliza wakisimulia safari zao, utasikia kwamba wengi walikwisha kupimwa damu mahali fulani, miezi mingi nyuma. Namba ilionekana, ikaandikwa kwenye daftari, ikajibiwa kwa vidonge.

Mama yangu mdogo aliishi Kisiwa cha Kome. Hedhi yake ilikuwa imekoma zamani, wajukuu wanakwenda shule, alipoanza kuchoka. Akipanda kutoka mwaloni na ndoo moja moyo unamwenda mbio. Akaenda zahanati, akatobolewa kidole. “Damu yako ni saba, mama. Kula mboga za majani.” Akapewa vidonge. Aliporudi ilikuwa imepanda kidogo, watu wakafurahi; safari iliyofuata imeshuka tena. Hakuna aliyemuuliza kama anaona damu mahali ambapo haikupasa kuonekana. Naye hakusema, kwa kuwa aliyekuwa mbele yake ni kijana wa umri wa mwanawe wa mwisho, na mambo ya ndani ya nguo hayasemwi mbele ya mtoto. Alikuwa akifua vitambaa usiku na kuvianika ndani. Simlaumu kijana yule. Alikuwa peke yake na foleni yake, na jibu la upungufu wa damu alikuwa nalo tayari kwenye kopo juu ya meza.

Kilichomtoa kisiwani ni mguu. Mguu wa kushoto ulivimba kutoka pajani hadi kwenye kifundo, ngozi ikang'aa. Kuna waliosema matende, kuna waliosema amekanyaga kitu alichotegewa. Alivuka kwa kivuko hadi Nyakaliro, akapita Sengerema, akavuka tena kuingia Mwanza. Siku hizo Daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, lilikuwa bado nguzo zinazochomoza majini. Tukampandisha kilima cha Bugando.

Hospitali ile ilifunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima kinachoonekana kutoka karibu kila mtaa wa mji, na mikoa yote inayozunguka upande wetu wa ziwa huipelekea wagonjwa iliyoshindwa nao. Muuguzi aliyempokea mama mdogo alimwangalia usoni, akamsalimia kwa Kisukuma, “Mwangaluka, mayu,” kisha akavuta kiti akakaa chini yake kidogo, akamuuliza maswali ambayo hakuwahi kuulizwa. Alijibu yote. Siku ile ndipo mimi nami niliyasikia, nikiwa nyuma ya pazia.

Kisha wakamtoa damu, mililita chache katika kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Kipimo chenyewe ni cha kawaida kabisa, ile picha kamili ya damu ambayo maabara zote huiita FBP. Mashine huivuta damu ndani, huzihesabu chembe moja moja zinapopita katika tundu jembamba, hupima na ukubwa wake, na baada ya muda mfupi hutoa karatasi yenye safu za namba. Wengi wetu huisoma safu moja tu, ya wekundu wa damu. Ya mama mdogo ilikuwa chini ya 7, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na gramu 12 au zaidi kwa desilita. Lakini daktari alikaa na karatasi ile kwa muda, akishusha kidole safu kwa safu. Mambo aliyoyaona humo ndiyo yaliyonifanya nianze kusoma, na sijaacha tangu siku ile.

Safu ya kwanza aliyoionyesha ilikuwa ya ukubwa wa chembe nyekundu. Zilikuwa ndogo. Uloto, ule ute ulio ndani ya mifupa, hutengeneza zaidi ya chembe nyekundu milioni 2 kwa kila sekunde, na kila moja huishi takriban siku 120. Ili kuijaza rangi, uloto unahitaji madini ya chuma. Chuma kikipungua, kiwanda hakisimami. Kinaendelea kutoa chembe, ila zinatoka ndogo na zilizopauka. Kwa mwanamke wa miaka 25 anayepata hedhi na kunyonyesha, chembe ndogo zina maelezo mengi. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi maelezo ni machache mno. Chuma cha mwili hakina njia yake ya kutoka kama mkojo au jasho vilivyo na njia zake; kikipotea kwa wingi, kimepotea na damu. Kwa hiyo kama si safura wala kichocho, si kidonda cha tumbo, si uvimbe wa utumbo, damu ile huenda inapita njia ya uzazi. Karatasi ilikuwa imelisema jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa akilificha.

Damu haipungui kwa kumwagika tu, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Saratani inapokua huufanya mwili mzima ujione umevamiwa. Seli za uvimbe na zile za kinga zinazouzunguka hutoa kemikali za tahadhari, mojawapo ikiitwa intalukini-6. Ikifika kwenye ini, ini hutoa homoni ya hepsidini, na hepsidini hufunga milango ya chuma: kile kilichomo kwenye chakula hakiingii vizuri, kile kilichohifadhiwa mwilini hakitoki. Ni kama mzee wa kaya aliyesikia kuna wezi, akafunga ghala kwa kufuli na kuondoka na ufunguo. Wezi hawakuingia, lakini watoto wanalala njaa na mtama umejaa. Dhidi ya vijidudu vinavyohitaji chuma ili vizaliane, mbinu hii ni ya busara. Dhidi ya saratani inamdhoofisha mwenye mwili. Ndiyo maana mwanamke anaweza kumeza vidonge kwa uaminifu wote na damu isipande.

Kisha kuna figo. Mlango wa kizazi umepakana na mirija miwili inayoleta mkojo kutoka kwenye figo, na uvimbe ukitanuka pembeni huibana. Mkojo hurudi nyuma, figo huvimba na kuanza kufa, mara nyingi bila maumivu ya kumshtua mtu. Watu wachache wanajua kwamba figo ndizo zinazoutumia uloto ujumbe wa kutengeneza chembe nyekundu, kwa homoni ya erithropoyetini. Figo zikizimika, ujumbe hauendi. Mwanamke mmoja basi anaweza kuwa anapoteza damu kwa chini, amefungiwa chuma chake, na uloto wake hausikii tena amri, na juu ya hayo ana malaria. Ukimwambia “kula mboga za majani” umemwambia jambo jema lisilogusa hata moja kati ya hayo matatu ya kwanza.

Safu iliyomtia daktari wasiwasi zaidi ilikuwa ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Kawaida ni kati ya 150,000 na 450,000 katika tone dogo la ujazo wa mikrolita moja. Za mama mdogo zilizidi 600,000. Mtu angefikiri kwamba mwenye kutokwa damu akiwa na vigandishi vingi ni bahati yake. Upungufu wa chuma wenyewe huweza kuzipandisha, na uloto unaohangaika kufidia damu hufanya hivyo pia. Lakini kuna sababu nyingine. Mwaka 2012 kundi la watafiti wa Houston, Marekani, lilichapisha uchunguzi wa wanawake wenye saratani ya mfuko wa mayai, likakuta karibu theluthi moja wana chembe sahani zilizopita kiasi, na kwamba hao ndio waliokufa mapema zaidi. Walipofuatilia chanzo walikutana na ile ile intalukini-6: uvimbe huitoa, ini huipokea na kutengeneza homoni inayouamrisha uloto uzalishe chembe sahani, na chembe sahani hizo nazo huusaidia uvimbe kukua. Saratani hujiagizia kutoka kwenye mifupa ya mwenyewe kitu inachokihitaji.

Gharama nyingine ya chembe sahani nyingi ni kuganda kwa damu ndani ya mishipa, na huo ndio uliokuwa mguu wa Kome. Jambo hili lilijulikana kabla ya mashine yoyote ya kuhesabu. Armand Trousseau, tabibu mkubwa wa Paris, alifundisha mwaka 1865 kwamba mgonjwa anayegandwa damu mishipani bila sababu ya wazi achunguzwe saratani iliyojificha. Miaka miwili baadaye mshipa wake mwenyewe ulivimba namna hiyo hiyo. Aliwaambia waliokuwa karibu naye kwamba sasa hana shaka juu ya ugonjwa wake, na mwaka ule ule wa 1867 alikufa kwa saratani ya tumbo. Fundisho lake lina zaidi ya miaka 150, nami natamani lingefika kila kijiji chenye kivuko. Mguu mmoja uliovimba ghafla si wa kufungwa kwa hirizi, na kando ya ziwa hili si wa kuitwa matende kabla ya kuchunguzwa.

Chembe nyeupe nazo zilikuwa juu, nyingi zikiwa za aina ya nyutrofili, wakati limfosaiti zimepungua. Sehemu ilieleweka kwa urahisi, kwa sababu uvimbe uliooza huingiwa na bakteria. Sehemu nyingine ni ule ule wito wa hatari usiokoma. Madaktari wengi hupenda kulinganisha wingi wa aina hizi mbili, kwa kuwa nyutrofili zikizidi sana na limfosaiti zikififia, mara nyingi mgonjwa ana safari ngumu mbele yake. Karatasi moja haitoshi kumhukumu mtu, na hakuna saratani inayothibitishwa kwa FBP. Inathibitishwa kwa kukata kinyama na kukitazama kwa darubini, kama ilivyofanyika kwake, na jibu likawa ni saratani, iliyohitaji mionzi. Nilichojifunza ni kwamba karatasi ile isiyo ya gharama kubwa ilikuwa na haki ya kusomwa yote.

Kwa miaka mingi mwanamke wa ziwa aliyehitaji mionzi alipewa barua ya kwenda Taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka nyumbani, na wengine waliikunja barua ile wakarudi kufa kwao. Sasa Bugando ina mionzi yake. Kabla ya kuanza, daktari aliagiza kwanza mama mdogo aongezewe damu, nami nilidhani ni kwa ajili ya kumpa nguvu ya kuvumilia. Sababu ni ya ndani zaidi. Mwaka 1953 mwanafizikia Louis Harold Gray na wenzake wa Hospitali ya Hammersmith, London, walionyesha kwamba mionzi huua seli vizuri ikiwa seli hizo zina oksijeni. Zilizokosa oksijeni huhitaji takriban dozi mara 3. Oksijeni hubebwa na chembe nyekundu. Uvimbe uliomo katika mwili wenye damu chache hukosa hewa katikati yake, na pale katikati ndipo mionzi inaposhindwa. Jina la Gray limebaki kuwa kipimo cha mionzi, na dozi ya kila mgonjwa wa Bugando huandikwa kwalo. Mwaka 1999 madaktari wa Kanada walichapisha kumbukumbu za wanawake 605 waliotibiwa kwa mionzi saratani ya mlango wa kizazi: wale ambao damu yao ilikaa juu muda wote wa matibabu waliishi zaidi, hata kama walianza ikiwa chini na ikapandishwa.

Lakini pia ilijaribiwa njia ya mkato. Wagonjwa walichomwa sindano za erithropoyetini ili uloto wao uzalishe kwa wingi, damu ipande bila chupa. Utafiti mkubwa wa Marekani juu ya wanawake wenye saratani hii ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa hofu ya damu kuganda mishipani. Nautaja kwa sababu unanikumbusha kopo la vidonge la zahanati. Kuipandisha namba na kumtibu mwenye namba ni kazi mbili.

Chupa moja ya damu hupandisha wekundu kwa takriban gramu 1 kwa mtu mzima. Anayetoka 6 kwenda 10 anahitaji chupa kadhaa, na chupa hizo zinasubiriwa na wengine: mtoto mwenye malaria kali aliyeletwa usiku, mzazi anayevuja baada ya kujifungua, kijana wa selimundu, majeruhi wa bodaboda. Katika jokofu la damu hakuna chupa isiyo na mwenyewe. Wachangiaji wakubwa wa damu salama nchini ni wanafunzi wa sekondari, na shule zikifungwa akiba hushuka. Tulipigiana simu ukoo mzima. Walikuja wanaume wa Igogo na Mabatini, wengine sikuwa nawajua, wakanyoosha mikono. Mmoja aliambiwa damu yake mwenyewe haitoshi kutolewa, akaketi nje kwenye benchi akiwa ameona aibu, nasi tukamwambia hana kosa lolote. Wangejua wengi zaidi kwamba mwanamume anaweza kuchangia kila miezi 3 na mwanamke kila miezi 4, na kwamba anayeokolewa na damu ile mara nyingi ni mama mtu mzima anayesubiri mionzi, tusingekuwa tunapigiana simu.

Alitibiwa. Damu ya chini ilikatika baada ya majuma machache, akarudi Kome akitembea, akala samaki wake. Ugonjwa ulirudi, na mwaka uliofuata alifariki. Ulikuwa umefika hatua ya tatu siku alipoonwa, na muda uliopotea ulipotelea kisiwani.

Matibabu yenyewe hubadilisha damu upya, na hapa kuna hatari ambayo naiogopa kuliko nyingine zote kwa watu wetu. Sehemu kubwa ya uloto wa mtu mzima imo kwenye mifupa ya nyonga, pale pale mionzi inapolenga. Dripu za saratani nazo huugonga uloto wote. Chembe nyeupe ndizo hushuka mapema, kwa kuwa nyutrofili huishi muda mfupi tu na kiwanda kikisimama hakuna akiba. Kwa dripu nyingi zinazotolewa kila baada ya wiki 3, shimo liko kati ya siku ya 7 na ya 14. Mgonjwa wakati huo yuko nyumbani, pengine Ukara, pengine Nkome, maji katikati. Mwili unapata homa. Na kando ya ziwa homa ina jina lake tangu tukiwa watoto. Kipimo cha haraka cha malaria kinaweza hata kuonyesha mistari miwili, kwa sababu vimelea ni vya kawaida kwetu, na mgonjwa akapewa mseto na kuambiwa alale. Huku bakteria wa utumbo wake mwenyewe wameingia kwenye damu na hakuna askari wa kuwazuia. Mgonjwa huyo anahitaji antibiotiki za mshipa ndani ya saa chache. Naliona kosa lile lile la vidonge vya kuongeza damu: tuna sababu nyingi za kila jambo, na ya kwanza inayojitokeza hufunga mlango kwa zilizobaki. Kila anayeondoka na dripu mwilini aandikiwe kwenye kadi yake kwa maandishi makubwa kwamba joto likifika nyuzi 38 apelekwe hospitali hata kama ana malaria, na ndugu anayemsindikiza asomewe maneno hayo kwa sauti kabla ya kuondoka.

Kosa hili huenda pia upande wa pili, nalo sipendi kulisahau. Kichocho cha kibofu hakiishii kwenye kibofu. Mayai yake hunasa kwenye mlango wa kizazi na uke, yakaacha mabaka ya manjano yenye chembechembe kama mchanga na mishipa inayovuja ikiguswa. Mwanamke wa Misungwi aliyecheza na kulima kwenye majaruba tangu utotoni hutokwa damu baada ya tendo la ndoa, huambiwa ni ugonjwa wa zinaa, hutibiwa yeye na mume na ndoa huingia doa. Au jicho lisilozoea huona saratani, akatishwa bure. Karatasi ile ile ya damu ina safu ya chembe nyeupe za aina ya iosinofili, ambazo hupanda mwili unapopambana na minyoo. Ikiwa juu, inamkumbusha tabibu kuuliza habari za maji. Wengine wana vyote viwili. Mwanamke mmoja ana ruhusa ya kuwa na kichocho na saratani kwa pamoja, na dawa ya kichocho haimwondolei haki ya kukatwa kinyama.

Mwanza imetoa kwa ulimwengu habari nyingine ya damu ya wanawake, na naisema kwa fahari. Kuanzia mwaka 2017 wasichana 930 wa hapa, wenye miaka 9 hadi 14, waliingia katika utafiti wa chanjo ya virusi vya papiloma vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Uliendeshwa na watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wenzao wa London. Wengine walichomwa dozi 1, wengine 2, wengine 3, kisha wakatolewa damu kwa vipindi kuona kinga imekaa kiasi gani. Karibu wote waliopata dozi 1 walikuwa bado na kinga damuni baada ya miaka 2, kwa kiwango kinacholingana na cha wanawake wa nchi nyingine ambao dozi moja ilikwisha kuonekana kuwalinda. Matokeo yalitoka mwaka 2022, mwaka ambao pia wasichana wa Kenya waliofuatiliwa katika utafiti mwingine walionyesha kwamba dozi moja inazuia maambukizi yenyewe. Desemba mwaka huo Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja. Tanzania, iliyokuwa ikichanja nchi nzima tangu Aprili 2018, ilihamia dozi moja mwaka 2024 kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mtoto wa shule aliyekunja mkono wa sare yake mjini Mwanza amewarahisishia wasichana wa mabara mengine, na wengi wao hawatajua.

Wale 930 sasa ni vijana. Mama zao, shangazi zao na dada zao wakubwa hawakuchanjwa, na saratani za miaka 20 ijayo kandokando ya ziwa zitatoka kwao. Kwao upo uchunguzi wa siki, ambao unahitaji taa, chombo cha kufungulia njia ya uzazi, pazia, na mtu aliyefundishwa kuona doa jeupe linalojitokeza. Mwanamke wa miaka 30 hadi 50 anapaswa kuufanya, na anayeishi na VVU aufanye mapema zaidi na mara nyingi zaidi. Kwa waliokwisha kupita umri huo, ambao kampeni huwasahau, upo ule utoboaji wa kidole wanaoufuata wenyewe kwa miguu yao kwa sababu wamechoka.

Daftari la zahanati lina safu ya jina, ya umri, ya kijiji, ya kipimo na ya dawa iliyotolewa. Ninaomba safu moja zaidi kwa kila mwanamke ambaye damu yake ni chini ya 10: ameulizwa kama anatokwa damu, na nani amemuuliza. Kama mhudumu ni kijana wa umri wa mwanawe, amwite mhudumu wa afya wa kijiji aliye mwanamke, au mkunga, awaache peke yao kwa dakika chache. Safu hiyo inaweza kuchorwa kwa rula na kalamu kesho asubuhi, kabla foleni haijaanza.